Tulivyoosha Sahani Safi

Binti yangu alitangaza habari yake jikoni, nikiwa nakata sukuma wiki. "Mum, nimechaguliwa. Naenda mwaka wa kujitolea." Nikaweka kisu chini. Alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu, meno yote nje, na mimi mama yake kitu cha kwanza nilichokiangalia kilikuwa tumbo lake. Bapa, halina akiba yoyote. Hilo amelirithi kwangu.

"Wee! Nani amekuchagua?"

"Kanisa, mum. Si hata wewe ulienda? Si wewe husema ndio mwaka ulikujenga?"

Hapo akawa amenipata. Kweli husema. Kila kanisa letu linapowaaga vijana, sisi tuliotangulia huitwa mbele tutoe ushuhuda, tuseme Bwana alivyotutendea, na mimi husimama na kusema yale yanayosemwa. Mtoto amekua akiyasikia hayo tangu akinyonya. Ameyaamini, na sasa anataka kwenda. Nilishikwa na hasira mbaya, na kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani, niliimalizia kwenye mboga. Jioni ile tulikula sukuma iliyokatwa ikawa kama majani ya chai.

"Mum, uko sawa?" akaniuliza mezani.

"Niko sawa," nikamjibu. "Kula. Ongeza ugali."

"Nimeshiba."

Sahani yake ilikuwa haijafika hata nusu. Nikamtazama mtoto wangu, nikaona kwamba hatari haikuwa huko anakokwenda tu. Nyingine alikuwa ameshaibeba kutoka nyumbani kwangu. Kwetu, mtu akiulizwa kama amekula, husema ameshiba. Nilimfundisha bila kufungua mdomo, kama nami nilivyofundishwa.

Wacha nieleze basi. Kanisa letu si kubwa, na halina ubaya kuliko mengine. Lina desturi ya kuchukua vijana waliomaliza shule, kuwapanga wawili wawili, wasichana kwa wasichana na wavulana kwa wavulana, na kuwapeleka wakaishi mwaka mzima kati ya watu wa mitaa hii yetu ya Eastlands. Kodi ya chumba inalipwa na kanisa. Kazi ni kubisha milango, kuombea wagonjwa, kufundisha watoto kusoma, kuwafulia wazee. Simu unaiacha kwa viongozi siku ya kwanza. Na chakula kilikuwa na sheria yake: kilikuja kwa imani. Haja yako unamwambia Mungu peke yake. Ukimwambia mwanadamu, ni kama umemtangazia kwamba Mungu wako ameshindwa. Mtu akikupa bila kuombwa, pokea na ushukuru. Mtu akiuliza kama umekula, jibu, "Bwana ametutosheleza." Anayesema ana njaa ana roho ya manung'uniko, kama wale Waisraeli waliolilia vitunguu vya Misri. Siku za mafunzo tulilikariri jibu hilo kwa pamoja, kwa sauti, mpaka likawa linatoka lenyewe, hata kabla swali halijaisha.

Nilikuwa na umri wa binti yangu sasa. Nilitoka Ukambani, kwa baba mchonga vinyago, na niliyepangwa naye alitoka upande wa magharibi, baba yake kibarua wa kiwandani. Alinitazama siku ya kwanza toka juu mpaka chini, akasema, "Haya, Mungu amenipa Mkamba. Nitalishwa mahindi ya muthokoi mpaka nitoboke."

"Na mimi nimepewa Mluhya," nikamwambia. "Unga wa nchi hii utatosha?"

Tulicheka tukashikana mikono. Tangu siku hiyo mpaka leo hatujawahi kuacha kutukanana, na hatujawahi kuacha kupendana.

Tulipewa chumba kimoja mtaa wa Huruma, ghorofa ya juu kabisa, kwenye jengo ambalo ukinyoosha mkono dirishani unaweza kumwazima jirani wa jengo la pili chumvi. Majiko yalikuwa nje, kwenye kibaraza kirefu kinachopita mbele ya milango yote, na mfereji ulikuwa mmoja, mwisho wa kibaraza. Sasa wewe fikiria. Anayepika nyama anajulikana, anayechemsha maharagwe kwa siku ya pili anajulikana, na asiyewasha jiko anajulikana kuliko wote. Huruma huwezi kuficha hata kikohozi.

Mwanzoni tulikula vizuri. Watu walikuwa wanatufurahia. Huyu analeta ndizi, yule anatuita chai. Halafu shule zikafunguliwa, watu wakalipa karo, bei ya unga nayo ikapanda, na mikono ikafungwa. Sikuwalaumu, na siwalaumu. Tulikuwa tunapita milangoni mwao tukiimba, nguo zimepigwa pasi, tukisema tumetoshelezwa. Nani angejua? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye njaa akijifanya ana shibe, basi hata mwenzake mwenye njaa hamjui.

Tulianza kulala na chai ya rangi. Baadaye chai ya rangi bila sukari. Lakini kilichotusumbua zaidi, na hapa ndipo mtu wa nje hucheka nikimsimulia, hakikuwa njaa. Kilikuwa majirani. Tukionekana hatupiki, si Mungu ndiye atakayeaibika? Tulilizungumza jambo hilo kwa uzito, wasichana wawili wenye akili zao, tumekaa juu ya kitanda. Mwenzangu ndiye aliyepata dawa. Jioni, wanawake wote wanapotoka kuosha vyombo, na sisi tutoke.

Tukatoka. Tulibeba sahani mbili, vikombe viwili, sufuria na mwiko ndani ya karai, tukapiga foleni kwenye mfereji. Tukapaka sabuni. Tukasugua sana, sahani ambazo hazikuwa zimeguswa na chochote tangu zilipooshwa jana yake. Tukasuuza, tukapanga juu ya ukuta zikauke, tukaimba na wimbo. Kesho yake tena. Tulizioshea ushuhuda sahani zile mpaka maua yaliyochorwa juu yake yakaanza kufutika.

Karibu na mfereji alikaa mama mmoja wa kibanda, aliyekuwa akiwapikia vijana wa mjengo, vibarua wa ujenzi, chini ya jengo letu. Mama mpana, mwenye sauti ya kukuita ukiwa Mathare ukaitika. Kanisani haendi. Tulipombishia mlango mara ya kwanza alituambia, "Mungu ananijua na mimi namjua, hatusumbuani," akatupa chapati, akafunga. Jioni moja alikuwa nyuma yetu kwenye foleni.

"Wasichana wa Mungu, leo mlipika nini?"

"Bwana ametutosheleza, mama," tukajibu pamoja.

"Aha. Amewatosheleza na nini?"

Hilo halikuwa kwenye mafunzo. Mwenzangu akasema, "Na... ugali."

Mama akainama akatazama maji ya karai letu. Povu jeupe, safi, hata punje moja ya ukoko haielei. Alitazama muda mrefu kidogo, halafu akasema, "Hongereni," akaondoka bila kuchota maji yaliyomleta.

Kesho yake mchana akaja mlangoni kwetu amebeba sufuria yake kubwa ya kibandani, imefunikwa sinia. "Mgongo wangu umekataa kuinama," akasema. "Niosheeni hii, mniletee baadaye." Akaitua, akaenda zake. Tulipofunua tulikuta ukoko mnene wa ugali umebaki chini, na juu yake nusu nzima ya ugali, na pembeni bakuli la maharagwe yenye mchuzi. Mwenzangu akabeba yote, akamkimbilia kwenye ngazi.

"Mama, umesahau chakula humu ndani!"

"Chakula gani?" Mama hakugeuka hata. "Huo ni uchafu. Nimesema muoshe. Uchafu mtajua wenyewe mtakapoupeleka."

Mgongo uliokataa kuinama ulionekana jioni hiyo hiyo ukishuka ngazi zote kwenda kibandani na mtungi wa maji kila mkono.

Tuliketi na ile sufuria katikati yetu, tukajadiliana kama wazee wa kanisa. Je, tumeomba? Hatukuomba. Je, tumesema tuna haja? Hatukusema. Je, tumetumwa kuosha? Tumetumwa. "Basi mimi naosha," akasema mwenzangu, akakata tonge. Aki ya Mungu, mpaka leo sijala ugali mtamu kama ule uchafu. Tulikula tukicheka na machozi yakitutoka, halafu tukaisugua sufuria ya mama mpaka ukajiona uso ndani yake.

Ikawa hivyo kila siku. Na ilikuwa imekuja kwa wakati wake, maana mwenzangu alikuwa anaumwa tumbo. Vidonda vya tumbo alikuwa navyo tangu shule, na njaa ilikuwa imeviamsha. Nilikuwa namkuta amekaa kwenye ngazi kati ya ghorofa na ghorofa, amejikunja, na nikimuuliza husema anaomba. Baada ya kuanza kula ule uchafu wa mama, rangi ilimrudia. Akaanza tena kunitania kuhusu muthokoi.

Sasa sisi watu wa ushuhuda tuna ugonjwa mmoja: jema likitupata, hatuwezi kulala nalo. Kila Jumamosi alasiri wote tuliokuwa mitaani tulikutana ukumbini, tukasimama mmoja mmoja kueleza Bwana alivyotenda. Mwenzangu alikaa na furaha yake wiki kadhaa, na ikamshinda. Akasimama. Akaisimulia yote, karai, povu, sufuria, mgongo wa mama, na mimi niliyemjua nilikuwa nacheka kabla hajafika pa kuchekesha. Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanafuta macho.

Kiongozi wetu hakucheka. Alikuwa kijana tu, labda ametuzidi miaka michache, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Akauliza kwa upole, "Dada, mliosha mkala, au mlikula mkaosha?"

Mwenzangu akasema hajui, inategemea na njaa. Watu wakacheka tena. Yeye akangoja wanyamaze. Akatueleza kwamba kazi inayolipwa kwa chakula ni ajira, na sisi hatukutumwa kuajiriwa. Kwamba tumetoka kwenye imani tukaingia jikoni kwa mtu asiyeamini. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa anatuonea uchungu, nami nadhani alikuwa anaamini kila neno. Akasema tuache kuosha zile sufuria, na mwenzangu afunge siku tatu ili kusafisha ushuhuda wake.

Tukasema, "Amina." Hilo neno linanichoma zaidi ya yote. Hakuna aliyetushika kwa nguvu. Tulikuwa wawili, na wawili wanaweza kukataa, lakini tulisema Amina kwa sauti nzuri, ya kwanza na ya pili, kama kwaya.

Mama alipoambiwa hatutaosha tena alituangalia kama tunaongea lugha ya mbali. "Kwani Mungu wenu anaionea sufuria yangu wivu?" Mwenzangu akaanza kulia. Mama akaleta sufuria siku ile vilevile, akaiweka mlangoni, na sisi tukairudisha mlangoni kwake vilevile, haijafunuliwa. Harufu ya maharagwe ilibaki kwenye kibaraza mchana wote. Siku iliyofuata akaleta tena. Tukarudisha tena.

Siku ya mwisho ya mfungo, asubuhi, tulikuwa tunashuka ngazi kwenda kufundisha watoto. Mwenzangu alikuwa mbele yangu. Akashika ukuta, akasema, "Ngoja kidogo," na akatapika. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kama majani ya chai yaliyochujwa, halafu kikawa chekundu. Nikapiga kelele, na sikuita jina la Bwana. Niliita, "Mama!" na mlango wa karibu na mfereji ukafunguka kwa kishindo.

Alishuka ngazi zile na mgongo wake wote. Akainama dirishani akawaita vijana wa mjengo, nao wakapanda na viatu vyao vya simiti, wakamweka mwenzangu kwenye blanketi, wakamshusha. Walikuwa wanamwita "sista" na kumwambia asilale. Mama alikuwa nyuma yao anafoka njia nzima, "Mficha maradhi kifo humuumbua! Kifo humuumbua, nimesema!" na huku anamfuta mdomo kwa leso yake.

Hospitalini daktari alimfinya tumbo, akauliza, "Mara ya mwisho alikula nini?"

Na mwenzangu, midomo imekuwa myeupe, hawezi kuinua shingo, akasema, "Bwana ametutosheleza."

Daktari akanigeukia mimi. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nilijua jibu, nilikuwa nimekaa nalo tumboni mwangu mwenyewe, na halikutoka. Lilitoka lile lingine mpaka kwenye meno, nikauma ulimi lisipite.

"Hajala!" mama akasema. "Daktari, huyu mtoto hajala, na huyu mwingine hajala. Tusidanganyane hapa."

Walimpasua siku hiyo hiyo. Wakatoa kipande cha tumbo, akapona, na alipoweza kusafiri baba yake akaja kumchukua. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimshukuru mama wa kibanda kwa mikono miwili, na kiongozi wetu akampita tu. Mimi nilipangiwa mwenzangu mwingine nikaumaliza mwaka. Kila mchana mama alisimama mlangoni kwetu na sahani. "Mimi sikupi," alikuwa ananiambia. "Mimi nakulazimisha. Hiyo haimo kwenye sheria yenu." Anasimama mpaka nimalize. Miaka kadhaa baadaye alirudi kwao, na huko ndiko alikozikwa. Nilienda. Niliosha vyombo vya matanga mpaka wenye nyumba wakaniomba nipumzike.

Hayo yote binti yangu hakuyajua. Wiki ile ya sukuma wiki nilimchukua nikampeleka Eastleigh, kwa mwenzangu, ambaye sasa anauza vitambaa kwenye kibanda kidogo ndani ya mojawapo ya yale majengo ya biashara. Nilikuwa na nia moja: amkataze. Mwenye kovu ana haki kuliko mimi.

Tulikaa juu ya marobota ya vitambaa, akaagiza chai, tukaanza. Nami nilidhani tutalia, kumbe tulicheka. Alisimulia yeye, nikasahihisha mimi, akanitukana, nikamtukana. Tulipofika kwenye karai na povu, binti yangu alikuwa anacheka na sisi. Tulipofika kwa daktari akaweka kikombe chini.

"Anti," akamuuliza, "ulijibu hivyo na ulikuwa unakufa?"

"Mwanangu, ningekufa nikiwa nimepita mtihani," mwenzangu akasema.

Binti akanigeukia. Macho yamejaa. "Na wewe mum husimama kanisani unasema ulikuwa mwaka poa. Kila saa. Mbona hukuniambia?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya kujitetea, na mwenzangu akaniokoa. "Ulikuwa mwaka mzuri," akamwambia. "Usimkasirikie mama yako. Watoto wa ile ngazi walinifundisha kuimba. Kuna mzee nilikuwa namkata kucha, alikuwa ananingoja kama anangoja mshahara. Sijawahi tena kumpenda Mungu vile. Ulikuwa mwaka mzuri, na uliniondolea kipande cha tumbo. Yote mawili ni kweli, na watu wanataka niseme moja."

"Basi mkataze," nikamwambia.

"Simkatazi. Wewe ulikatazika?" Akachomoa ndizi chini ya meza ya vitambaa, akaimenya, anakula kidogo kidogo mchana kutwa, ndivyo tumbo lake linavyotaka sasa. "Aende. Lakini asiende hajui kusema. Haya, mwanangu, sema: nina njaa."

Binti yangu akacheka. "Nina nini?"

"Nina njaa. Niangalie mimi usoni, useme."

Akajaribu. Akaangalia chini. Akajaribu tena, akacheka, akaficha uso kwa kiganja. "Anti, siwezi. Ni ngumu! Inakaa kama kuomba."

"Mwonyeshe wewe, mama yake," mwenzangu akanigeukia.

Nikafungua mdomo. Mwanamke mzima, mwenye kazi, mwenye nyumba, ninayejulikana ofisini kwa ukali. Nikamwambia, "Wewe ndiye mwalimu, onyesha wewe." Naye akaitazama ndizi yake, akaigeuza, na nikaona amekwama. Mume wake akimuuliza kama amekula, alituambia mwishowe, husema ameshiba, kisha anaingia jikoni kimya kimya. Tulikaa pale wanawake watatu kati ya vitambaa vya harusi, na hakuna aliyeweza kulisema neno ambalo mtoto mchanga hulisema kwa kulia. Chai ikapoa.

Jumapili ya kuwaaga vijana, niliitwa mbele kama kawaida. Nilikuwa nimekula kiapo nisipaze sauti. Nikasema, "Mwaka wangu, tulikuwa tunaosha sahani safi," nikaeleza kwa nini, na nani aliyetulisha, na nani aliyemkataza. Sikumtaja mtu. Sauti nilipaza. Mchungaji wa sasa, mtu mzuri, alisema siku hizi mambo yamelegezwa, vijana wanapewa unga. Lakini baada ya ibada, karibu na tangi la maji, walinifuata watu wazima, mmoja mmoja. Mmoja, ambaye ana tumbo kubwa na biashara yake, aliniambia wao walikuwa wanajipaka mafuta ya kupikia midomoni kabla ya kutoka, waonekane wametoka kula nyama. Alicheka akiisema. Halafu akaacha kucheka, akanishika mkono, akauliza kama mwenzangu yuko hai.

Binti yangu alienda. Walimpeleka Njiru, na msichana mwingine aliyetoka sijui wapi. Nilimfungia muthokoi, akaiacha mezani, akisema si vizuri kufika na vyake wakati mwenzake hana. Nilimwambia jambo moja tu mlangoni, kwamba akiwa na njaa aseme, na akaitikia kwa kichwa, na sikumwamini.

Wiki zikapita. Simu yake ilikuwa kwa viongozi, kwa hivyo nilikuwa napika na kupakua na kumwaza. Mara nyingine nilijikuta nimeosha sahani yake ambayo haikutumika, nikaitazama mkononi mwangu, nikairudisha kabatini kwa hasira. Hata kuvaa niende Njiru niliwahi kuvaa, nikavua. Ningefika ningemuuliza kama amekula, na najua angenijibu nini.

Halafu mchana mmoja, niko kazini, nambari nisiyoijua ikapiga.

"Mum."

"Uko sawa? Ni nini? Uko wapi?"

"Niko sawa. Bwana ame..."

Nilikuwa nimesimama tayari. Wenzangu ofisini walikuwa wananiangalia. Nilisikia anavuta pumzi, nikasikia kuku mahali fulani, na nikauma ulimi nisimsemee.

"Mum," akasema, "nina njaa."

Nikakaa. Nililia palepale mbele ya watu, na sikujali. "Sema tena," nikamwambia.

"Aah, mum!"

"Nimesema sema tena."

"Nina njaa. Tangu jana."

"Hiyo simu ni ya nani?"

"Ya mama jirani. Nimeomba nikupigie."

"Yuko hapo? Geuka umwambie na yeye."

"Mum, wacha..."

"Geuka."

Nikasikia ameondoa simu sikioni. Sauti yake ikawa mbali na ndogo, lakini maneno niliyapata yote mawili. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke nisiyemjua, kali, imeudhika kabisa. "Kumbe! Na mlikuwa mnangoja nini siku zote hizi? Mwite na mwenzako. Ingieni, mkae."